Maimpresario Binafsi wa Opera nchini Uingereza na Marekani, 1847–1962: Mikataba, Madeni na Swali la Nani Abebe Hasara

Utangulizi

Katika karne ya 19, mtu aliyetaka kusikiliza opera mjini Paris, Vienna au Berlin aliingia katika jumba lililotegemea hazina ya serikali au ya mfalme. London na New York mambo yalikuwa tofauti. Huko opera ilikuwa biashara ya mtu mmoja, ambaye pengine alikuwa na washirika wawili watatu na mara nyingi hakuwa na mtaji wa kutosha. Mtu huyu alikodi jumba, akawaandika kazi waimbaji, akakusanya okestra na kwaya, akauza tiketi za msimu kabla pazia halijafunguliwa, kisha akaomba Mungu mafua yasimpate soprano wake. Waitaliano walimwita impresario, na neno hilo limebaki katika lugha nyingi kwa kuwa kazi yenyewe haina jina jingine linaloitosha. Si mfadhili, maana mfadhili hutoa bila kutarajia faida. Wala si meneja, maana meneja hulipwa mshahara hata msimu ukiharibika.

Makala haya yanafuatilia maisha ya watu kadhaa wa aina hiyo katika nchi mbili ambako dola ilijitenga na opera kwa muda mrefu. Hoja inayojengwa ni kwamba mtaji halisi wa impresario haukuwa fedha wala jumba. Ulikuwa karatasi, yaani mkataba uliomfunga mwimbaji na ahadi zilizowatuliza wadai. Kwa sababu hiyo historia yake husomeka vyema zaidi katika kumbukumbu za mahakama kuliko katika vitabu walivyoviandika maimpresario wenyewe. Benjamin Lumley alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1864, James Henry Mapleson mwaka 1888, na Max Maretzek alichapisha mara mbili, mwaka 1855 na 1890. Wote watatu waliandika wakiwa na sababu ya kujitetea mbele ya umma, na wote walijua kusimulia kisa. Mtafiti anayewanukuu bila kuwapima huandika historia kwa kalamu ya mdaiwa.

Wakili aliyegeuka mwenye opera

Lumley alikuwa wakili kabla ya kuchukua uendeshaji wa Her Majesty's Theatre, London, mapema katika miaka ya 1840. Huenda hiyo ndiyo sababu jina lake leo linajulikana zaidi katika vitivo vya sheria kuliko katika vitivo vya muziki. Mwaka 1847 alipata pigo ambalo lingemmaliza mtu mwingine: kiongozi wake wa okestra, Michael Costa, pamoja na waimbaji wakubwa kadhaa walimwacha wakaanzisha opera pinzani katika Covent Garden. Aliokolewa na mwimbaji mmoja. Tarehe 4 Mei 1847 Jenny Lind kutoka Uswidi alisimama jukwaani kwa mara ya kwanza London, na umati ukarudi kwa Lumley.

Hata huo wokovu ulitokana na mkataba uliovunjwa. Lind alikuwa amekwisha kujifunga na Alfred Bunn, mwendeshaji wa Drury Lane, na mwaka 1848 Bunn alipata fidia ya pauni 2,500 mahakamani. Hivyo mwimbaji aliyeahidiwa nyumba moja akaimba katika nyumba nyingine, na sheria ikafika ikiwa imechelewa, na fidia mkononi. Lumley alilielewa somo hilo, kwa sababu yeye ndiye aliyefaidika.

Lind aliiacha opera mwaka 1849. Mwaka uliofuata alikwenda Marekani kwa mwaliko wa P. T. Barnum, ambaye mpaka hapo hakuwa amejihusisha na muziki wa aina hiyo. Barnum alimwahidi dola 1,000 kwa kila onyesho na akaweka fedha hizo mapema, jambo lisilokuwa la kawaida katika biashara hii. Zilikuwa tamasha za nyimbo, si opera, kwa hiyo hazikuhitaji kwaya, mapambo ya jukwaa wala mavazi. Barnum alitajirika. Tofauti hiyo ya gharama inafaa kukumbukwa na yeyote anayeuliza kwa nini waliomfuata hawakutajirika.

Akiwa hana tena Lind, Lumley alimtafuta mwimbaji mwingine wa kujaza jumba. Mwaka 1851 alifunga mkataba na Johanna Wagner, mpwa wa mtunzi Richard Wagner, aimbe kwa miezi mitatu kuanzia Aprili 1852, usiku mbili kwa wiki, kwa pauni 100 kila wiki. Baadaye likaongezwa sharti dogo kwamba hatatumia kipaji chake katika jumba lingine lolote bila idhini ya Lumley ya maandishi. Frederick Gye wa Covent Garden akampa ahadi nono zaidi, naye Johanna akakubali.

Lumley hakungoja fidia ya baadaye, bali alikwenda mahakamani kuomba zuio. Mwezi Mei 1852 Lord St Leonards aliamua kwamba mahakama haina uwezo wa kumlazimisha mwimbaji aimbe, ila ina uwezo wa kumzuia asiimbe mahali alipoahidi kutoimba. Katika shauri la pili, dhidi ya Gye mwenyewe, mahakama ilikubali mwaka 1853 kwamba mtu wa tatu anayemshawishi mwingine kuvunja mkataba kwa makusudi anaweza kushtakiwa, hata kama yeye si mhusika wa mkataba huo. Shauri lilipofika mbele ya juri mwaka 1854, Gye alishinda kwa kuwa juri liliamini kwamba yeye alidhani kwa nia njema kuwa mkataba wa Johanna haukuwa na nguvu. Hivyo kanuni ikapatikana, lakini Lumley hakupata fedha. Kufikia wakati huo Her Majesty's ilikuwa imefungwa. Ilifunguliwa tena mwaka 1856 tu, baada ya moto kuteketeza jumba la Covent Garden mwezi Machi mwaka huo, na mwaka 1858 Lumley aliondoka kabisa katika biashara hii.

Kanuni hizo mbili hazikubaki London. Sheria ya kawaida ya Kiingereza ilipopokewa katika maeneo ya Afrika Mashariki, kwa tarehe za mapokezi za 12 Agosti 1897 kwa Kenya, 11 Agosti 1902 kwa Uganda na 22 Julai 1920 kwa Tanganyika, kesi za Lumley zilikuja nazo. Wakili wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anayedai kwamba mshindani amemrubuni mfanyakazi wa mteja wake avunje mkataba anatumia hoja iliyozaliwa katika ugomvi wa majumba mawili ya opera. Ni nadra msomaji wa sheria kuambiwa kwamba aliyeshinda kwa hoja hiyo alifunga jumba lake akiwa na deni.

Kanali Mapleson na kiatu cha Patti

James Henry Mapleson, aliyezaliwa London mwaka 1830, alisoma katika Royal Academy of Music, akapiga fidla, kisha akaimba Italia kwa jina la Kiitaliano, mpaka maradhi ya koo yalipomnyima sauti. Akawa wakala wa waimbaji, na kutoka uwakala hadi uimpresario ni hatua moja. Watu walimwita Kanali kwa cheo chake katika jeshi la kujitolea, na kwa kweli aliendesha opera kama vita: majumba aliyoyateka akayapoteza, mafungo ya usiku, na ngawira iliyogawanywa kabla ya kupatikana.

Kwa upande wa sanaa, rekodi yake si ya kubezwa. Chini yake London ilisikia kwa mara ya kwanza Un ballo in maschera mwaka 1861, Faust mwaka 1863, La forza del destino mwaka 1867 na Carmen mwaka 1878. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba tiketi za Faust zilipokosa wanunuzi alizichukua kwa wingi akazigawa bure, kisha akatangaza kuwa nafasi zimekwisha; watu wa mjini, waliposikia hakuna tiketi, wakazitaka. Kisa hiki kimerudiwa katika vitabu vingi. Huenda kimetiwa chumvi, lakini kinaeleza ukweli wa biashara yenyewe: impresario aliuza kwanza dhana kwamba kuna kinachogombewa.

Her Majesty's iliungua usiku wa tarehe 6 Desemba 1867. Mapleson akahamia Drury Lane, akashirikiana na Gye kwa muda, wakaachana. Mwaka 1875 alianza kujenga jumba la taifa la opera kwenye kingo za Mto Thames, karibu na Bunge. Kuta zilipanda, msingi ukala fedha kuliko ilivyokadiriwa, na fedha zikaisha kabla ya paa. Mahali hapo hatimaye pakajengwa makao makuu ya polisi wa London, New Scotland Yard, yaliyoanza kutumika mwaka 1890. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Ya Mapleson iliisha na habari zake zote zikachapishwa magazetini.

Tangu mwaka 1878 alikuwa akivuka bahari kila mwaka kuendesha misimu katika Academy of Music ya New York. Jumba hilo, lililofunguliwa mwaka 1854, lilikuwa mali ya familia za zamani za mji, na wenye hisa walikuwa na haki ya viti bora bila malipo. Kwa maneno mengine, impresario alipewa jumba ambalo sehemu yake nzuri haikuweza kuuzwa. Matajiri wapya, akina Vanderbilt miongoni mwao, walinyimwa vyumba maalumu vya watazamaji kwa kuwa havikutosha, nao wakaamua kujenga jumba lao. Metropolitan Opera House ilifunguliwa tarehe 22 Oktoba 1883 kwa Faust, ikiwa na vyumba vya namna hiyo zaidi ya 100.

Silaha ya Mapleson dhidi ya Metropolitan ilikuwa Adelina Patti, aliyepokea dola 5,000 kwa usiku mmoja, zilizopaswa kulipwa mchana kabla ya onyesho. Mapleson anasimulia jinsi huko Boston alivyokuwa na pauni 800 tu badala ya 1,000. Wakala wa Patti alirudi na ujumbe kwamba bibi amekwisha kuvaa vazi la La traviata, isipokuwa viatu. Watu walipoanza kununua tiketi mlangoni, fedha zikapelekwa chumbani mwake, naye akavaa kiatu kimoja. Salio lilipofika akavaa cha pili, akatoka kuimba. Kisa hiki huchekesha. Lakini ukikitazama kwa jicho la uchumi, Patti ndiye mtu pekee katika jumba lile aliyekuwa na uhakika wa kulipwa. Mpiga ngoma wa okestra na mwanakwaya hawakuwa na kiatu cha kuzuia.

Mwaka 1886 Mapleson alikubali kushindwa New York. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu mmoja hawezi kupigana na Wall Street, na maelezo hayo yana ukweli nusu. Wall Street yenyewe haikuwa imeshinda kitu. Henry E. Abbey, aliyekabidhiwa msimu wa kwanza wa Metropolitan, alipoteza mamia ya maelfu ya dola. Wenye jumba wakamgeukia Leopold Damrosch aliyeleta opera kwa Kijerumani na waimbaji wa bei nafuu zaidi. Kazi ile ilimchosha, akafa Februari 1885 kabla ya msimu kumalizika. Abbey alirejea mwaka 1891 pamoja na John Schoeffel na Maurice Grau, kampuni yao ikafilisika mwaka 1896, na mwaka huohuo Abbey akafa. London nayo ilimzika mwaka huo Augustus Harris, aliyeiendesha Covent Garden tangu mwaka 1888 huku akiendesha pia Drury Lane, akiwa na umri wa miaka 44. Grau peke yake ndiye aliyestaafu na fedha zake. Alikuwa mtu wa hesabu, na alipoondoka mwaka 1903 afya ilikuwa imekwisha. Alifia Ufaransa mwaka 1907.

Hammerstein

Oscar Hammerstein anastahili nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa alithubutu kufanya kile ambacho wote waliomtangulia walisema hakiwezekani. Alizaliwa Prussia katika miaka ya 1840 katika familia ya Kiyahudi, akatoroka nyumbani akiwa kijana, akafika New York na kupata kazi katika kiwanda cha sigara nene. Aligundua mashine za kutengenezea sigara hizo, akasajili hataza, akaanzisha gazeti la biashara ya tumbaku. Fedha za tumbaku alizitia katika majumba ya maonyesho: Harlem Opera House mwaka 1889, Olympia mwaka 1895 katika eneo ambalo baadaye liliitwa Times Square, kisha Victoria mwaka 1899. Olympia ilimfilisi. Victoria, ambamo walionyeshwa wachekeshaji na wacheza viinimacho, ilimrudishia uhai.

Tarehe 3 Desemba 1906 alifungua Manhattan Opera House katika mtaa wa 34, kwa tiketi alizotaka ziwafikie watu ambao Metropolitan haikuwajali. Metropolitan ilikuwa na haki za pekee za opera za Puccini, kwa hiyo Hammerstein akageukia Ufaransa. Uamuzi uliozaliwa na kizuizi ukawa sifa yake kubwa: Marekani ilisikia kwake Thaïs mwaka 1907, Louise na Pelléas et Mélisande mwaka 1908, Mary Garden akiwa jukwaani, na Elektra mwaka 1910. Alimleta Luisa Tetrazzini na akampata Nellie Melba, ambaye alisimulia baadaye kwamba Hammerstein alimrushia noti za faranga elfu moja moja sakafuni chumbani kwake Paris, kama arubuni asiyoiomba. Wakati wa maonyesho alikaa pembeni mwa jukwaa juu ya kiti cha jikoni, kofia ndefu kichwani, sigara mdomoni.

Kosa lake, ikiwa ni kosa, lilikuwa kujenga. Mwezi Novemba 1908 alifungua jumba jingine Philadelphia, na ili kulikamilisha alikopa kwa E. T. Stotesbury, mtu wa benki aliyekuwa na ukaribu na Metropolitan. Misafara ya waimbaji kati ya miji miwili ilikula faida ya mji wa kwanza. Kwa upande wa pili, Metropolitan nayo ilipoteza fedha nyingi kwa kupandisha mishahara ili kushindana naye. Otto Kahn wa Metropolitan aliona kwamba ingekuwa nafuu kumnunua. Mwezi Aprili 1910, kupitia mwanawe Arthur, Hammerstein alipokea takriban dola 1,200,000 na akatia sahihi ahadi ya kutoonyesha opera katika miji mikubwa ya Marekani kwa miaka 10.

Fedha hizo alivuka nazo bahari. London Opera House, aliyoijenga Kingsway, ilifunguliwa tarehe 13 Novemba 1911 na kufungwa katikati ya mwaka 1912. Watu wenye vyeo walikuwa na viti vyao vya msimu Covent Garden tayari, na wasio na vyeo hawakutosha kujaza jumba jipya usiku hadi usiku. Akarudi New York, akajenga jumba jingine Lexington Avenue akidai ahadi ile ilikuwa kizuizi haramu cha biashara. Mahakama ilimkatalia. Kanuni ambayo Lumley aliipigania ili kumfunga mwimbaji, kwamba aliyeahidi kutofanya anaweza kuzuiwa asifanye, ndiyo iliyomfunga impresario mwenyewe. Hammerstein alifariki tarehe 1 Agosti 1919, miezi michache kabla muda wa ahadi haujaisha, akiwa bado anazungumzia msimu ujao. Jumba la mtaa wa 34 lingali limesimama.

Vidonge, mali ya urithi na chama cha Pittsburgh

Uingereza ilimpata mtu wa aina nyingine. Thomas Beecham alikuwa kiongozi wa okestra na mrithi wa biashara ya vidonge vya kufungulia tumbo iliyoanzishwa na babu yake. Kuanzia mwaka 1910 alileta Elektra na Salome Covent Garden kwa fedha za baba yake, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kampuni yake iliimba kwa Kiingereza katika miji ya mikoani ambayo haikuwa na desturi ya opera ya kiwango hicho. Mwaka 1914 baba yake alijiingiza katika ununuzi wa ardhi ya Covent Garden kutoka kwa Duke wa Bedford kwa takriban pauni milioni 2. Akafa mwaka 1916 kabla mambo hayajakamilika, na kampuni ya Beecham ikaanguka mwaka 1920. Waimbaji na wanamuziki walioachwa waliunda kampuni yao ya ushirika, British National Opera Company, mwaka 1922. Hatua hiyo haijapewa uzito unaostahili: ni wafanyakazi, si matajiri, waliojaribu kwanza kuondoa opera mikononi mwa mtu mmoja.

John Christie alifungua Glyndebourne mwaka 1934 katika shamba lake Sussex, mkewe Audrey Mildmay akiwa mmoja wa waimbaji, na mwaka 1954 aliikabidhi kwa amana. Kufikia hapo Covent Garden ilikuwa imefunguliwa upya mwaka 1946 kwa ruzuku ya serikali. Ni rahisi kusema kwamba ruzuku ndiyo iliyomaliza zama za maimpresario binafsi, lakini tarehe zinakataa: wengi wao walikuwa wamekwisha kuanguka miaka 20 au zaidi kabla ya ruzuku kufika. Na Marekani, ambako ruzuku ya aina hiyo haikuja, Fortune Gallo aliizungusha San Carlo Opera Company kuanzia mwaka 1913 kwa tiketi za bei ndogo, waimbaji wasio na majina makubwa na mapambo mepesi, akapata faida kwa miaka mingi. Wahakiki walimdharau. Wanakwaya wake walilipwa.

Upande mwingine wa rangi, hesabu zilianzia chini ya sifuri. Mary Cardwell Dawson, aliyesomea New England Conservatory mjini Boston na kuendesha shule ya muziki Pittsburgh, alianzisha National Negro Opera Company mwaka 1941, kwa sababu waimbaji Weusi aliowafundisha hawakuwa na jukwaa la kupanda. Kampuni ilianza na Aida mjini humo mwaka huohuo. Mwaka 1943 ilionyesha La traviata juu ya jahazi lililotia nanga kwenye Mto Potomac mjini Washington, Lillian Evanti akiimba Violetta, na watazamaji wakakaa ukingoni. Dawson alifanya kazi zote za Hammerstein: aliajiri, akafundisha, akakodi, akaomba, akakopa. Hakuwa na hataza za kuuza wala Kahn wa kumnunua. Badala ya wenye hisa alikuwa na vikundi vya wanachama Pittsburgh, Washington, Chicago na New York, vilivyochangisha fedha makanisani na katika vyama vya ujirani.

Jumba la Metropolitan lilimpokea Marian Anderson kama mwimbaji Mweusi wa kwanza katika nafasi ya kuimba peke yake mwezi Januari 1955. Mwaka uliofuata kampuni ya Dawson ilikodi jumba hilohilo na kuonyesha Ouanga ya Clarence Cameron White, inayohusu Haiti ya Dessalines. Anderson alialikwa, Dawson alilipa kodi. Rais Kennedy alimteua katika kamati ya kitaifa ya muziki mwaka 1961. Alifariki mwezi Machi 1962, na kampuni ikafa naye. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Library of Congress mjini Washington.